Mzito Yuko Juu

Jamani, kuna mtaa mmoja Kisarawe mimi sipiti mchana bila kofia, na hata nikivaa kofia bado wananijua, kwa sababu siku niliyoaibika pale nilikuwa nimevaa kofia hiyo hiyo. Mmeanza kucheka kabla sijasimulia, haya, chekeni, maana mimi mwenyewe nimejicheka mpaka nimechoka na sasa nimeamua niwe nasimulia kwa mdomo wangu kabla hajanisimulia mtu mwingine akatia chumvi (kuna mmoja anasema godoro lilipaa, halikupaa, liliteleza tu). Ilikuwa siku ya kupeleka vyombo vya mdogo wangu Zulfa kwa wakwe zake, na mambo yote yale, pamoja na watu wazima kugaragara kwenye matuta ya viazi, yalianzia kwenye gemu.

Si gemu la mpira wala la kupigana. Ni lile la kujenga magari. Unapewa vipande, mbao, vyuma, magurudumu, injini, springi, unaunga unavyotaka wewe, kisha unabonyeza kitufe na dunia ya mle ndani inaanza kuvuta kama hii yetu inavyovuta, yaani kilicho kizito kinaelemea kweli, kilicho kirefu kinayumba kweli, na ukikata kona kwa mbwembwe gari linakupindukia hivi hivi unaliona. Kazi yako ni kuvuka vilima na kufika upande wa pili na mzigo wako ukiwa bado upo. Mimi na Zulfa tulianza kulicheza nyumbani kwetu Janga, kwenye kompyuta ya mtumba niliyoinunua kwa ajili ya kibanda changu cha Mlandizi, kile cha kuwawekea watu nyimbo na filamu kwenye flashi. Betri yake ilishakufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika na gari letu linakatika nalo likiwa katikati ya mlima, tunabaki gizani tunabishana ni nani aliyeambiwa ahifadhi akawa anachekacheka.

Nayakumbuka sana majioni yale, na kusema kweli nayatamani. Kompyuta juu ya kigoda, sisi tumelala kifudifudi kwenye mkeka, mama anachambua mchele, baba ametoka shamba ananawa miguu mlangoni, na kila gari likianguka mle ndani likatoa ule mlio wa vyuma, mama anauliza bila kuinua kichwa, "Limeanguka la nani?" na jibu lilikuwa ni moja siku zote, la Shabani. Mimi nilipenda magari marefu, ya ghorofa, yenye bendera juu. Zulfa alikuwa anajenga vitu havina sura, vifupi, vimejitanua kama kobe, vizito tumboni, ukiviona unacheka, lakini haviangushwi na kilima chochote. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kizito kinakaa chini, magurudumu yanapanuliwa, springi hazilegezwi mno, na injini ikizidi nguvu gari linainua pua kama farasi wa kwenye picha. Nilimwonea wivu, nikajifunza, na miaka ilivyokwenda nikawa namshinda mara moja moja. Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Kibandani wakaanza kuniita Injinia kwa utani, mimi nikaipokea kama cheo.

Sasa Zulfa akapata mchumba, kijana mpole wa Kisarawe anayeuza vifaa vya umeme, hana neno na mtu. Maneno yote ya ukoo wao alipewa dada yake mkubwa, Mwajuma. Siku walipoleta mahari kwetu, Mwajuma alikaa sebuleni akazungusha macho ukutani, akaangalia dari, akaangalia pazia, halafu akamnong'oneza mwenzake kwa mnong'ono ule wa kusudi unaofika mpaka jikoni: "Wa huku hawa wataleta kinu na mbuzi ya kukunia nazi. Tutaona."

Zulfa alikuwa jikoni. Alisikia kila kitu. Hakulia, lakini jioni ile tulipokaa kwenye kompyuta alikuwa anaunga vipande bila kuangalia, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona gari lake limeanguka. Akaniambia, "Kaka, yule wifi nitaishi naye ukuta kwa ukuta. Nikiingia kwao na aibu siku ya kwanza, itanikalia mpaka nazeeka." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, vyombo vyake nitavisimamia mimi mwenyewe na vitaingia kwa heshima. Alinitazama (ananijua yule), akasema, "Haya. Nakuachia wewe."

Vyombo tulikuwa navyo, namshukuru Mungu. Mama na mashangazi walihangaika mwaka mzima: kabati la vyombo lenye milango ya vioo, meza ya kujirembea, friji, jiko la gesi, godoro nene, masufuria ya kila ukubwa, ndoo, mikeka, magunia ya mchele, na ndiyo, kinu na mbuzi pia, kwani nazi zitakunwa na nini? Tulikubaliana na mwenye Fuso. Asubuhi ya siku yenyewe, ndoa ikiwa kesho yake, Fuso likaharibika giaboksi Zegereni likiwa na mizigo ya kiwandani, na usafiri uliobaki karibu ulikuwa kirikuu cha Dula, ile pikapu ndogo ambayo mnaijua, ukikohoa inatikisika.

Dula aliangalia vyombo vilivyopangwa uani, akaangalia gari lake, akasema, "Oya Injinia, hii ni tripu mbili."

Tripu mbili! Hebu fikirieni. Tripu ya kwanza inafika, Mwajuma anatoka, anahesabu nusu ya vyombo, anatangaza mtaa mzima kwamba wa Janga wameleta nusu, na tripu ya pili inakuja jioni hakuna anayeangalia. Nikasema hapana. Inaingia yote, tripu moja, nipe nafasi. Nikatoa simu, maana siku hizi lile gemu lipo mpaka la simu, nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikajenga kirikuu cha Dula palepale, urefu wake, upana wake, nikajenga na kabati, na friji, na magunia, nikavipanga, nikabonyeza, nikakipandisha mlimani. Kikapanda. Nikakikatisha kona. Kikakata. Dula alikuwa ameinama begani kwangu anapumulia sikio langu, na mashangazi wamekusanyika, na mmoja akasema, "Kumbe vijana wa sasa hawakai bure na hivi visimu," na mimi (nisameheni) nikajiona mhandisi wa barabara na madaraja.

Tukapakia kwa amri yangu. Magunia ya mchele chini kabisa, kinu, jiko, masufuria yamejazwa ndani ya ndoo, kabati limelazwa chali juu ya magunia na kuviringishwa mablanketi, meza ya kujirembea imefungwa kando, friji peke yake limesimama nyuma ya kichwa cha gari kwa sababu mama alikataa katakata lisilazwe. Kamba za kutosha. Kizito chote chini. Wenye magari huwa wanasimamisha godoro ubavuni, mnaliona linapepea njia nzima. Mimi nikaona linaharibu sura, nikasema lilazwe juu ya vyote, tambarare, mzigo uwe na uso mmoja. Uamuzi wenyewe ndio huo. Kitu kidogo namna ile, kulaza godoro badala ya kulisimamisha, na ndicho kilichoniponza.

Safari ilikuwa tamu, siwafichi. Mimi mbele na Dula, wanawake nyuma yetu kwenye Noah ya kukodi, tukateremka na barabara kuu mpaka Kiluvya tukakata kuelekea Kisarawe, vumbi, makorongo, vilima vya kweli, na mzigo umetulia kama umechomelewa. Dula akawa anayumbisha usukani makusudi kidogo aone, kisha anapiga dashibodi kwa kiganja: "Limekaa! Mwanangu, limekaa!" Nikampigia Zulfa simu, nikamwambia ni kama kobe wake, akacheka, nikamsikia mtu anamkaripia asitingishe mkono wenye hina.

Tulisimama chini ya ule mtaa ili tuingie pamoja. Na hapo ndipo aliposhuka kwenye Noah Bi Mwanahawa. Huyu ni somo wa Zulfa, ndiye aliyemfunda tangu alipokuwa mwali mpaka hina ya harusi, na katika shughuli kama ile yeye ndiye mkuu wa msafara, mama yangu mwenyewe anamwomba ruhusa. Ni mama mwenye mwili, tena mwili ulioshiba, na sauti yake ikianza wimbo Janga watu wa Mlandizi wanaitikia. Akatembea akalizunguka gari, akatazama lile godoro limelala pale tambarare, safi, na shuka lake la maua.

"Vyombo vya mwanangu haviingii kwa watu kimya kama mzigo wa mkaa," akasema. "Na hapa panakalika."

Mnaona sasa? Kama ningepakia kama watu wengine wanavyopakia, miguu ya meza juu, godoro limesimama, hakuna mtu ambaye angewaza kupanda. Mimi nilikuwa nimejenga jukwaa na kulitandikia shuka.

"Somo," nikamwambia, "ngoja kwanza niangalie." Nikatoa simu. Nikachukua kipande kizito nikakiweka juu ya kirikuu changu, nikabonyeza, kikakaa. Nikaongeza kingine, na kingine. Gari likabonyea kidogo kwenye springi, likaenda zake.

"Kisimu kinasemaje?" akauliza.

"Kinasema panda, Somo."

Akapandishwa, kazi ya watu wengi na kiti. Akapanda mpiga kigoma. Wakapanda waitikiaji, maana mwimbishaji bila waitikiaji ni sawa na kichaa, na kila mmoja akipanda Dula ananiangalia na mimi namwinulia dole gumba. Nikashuka nikatangulia mbele kwa miguu, kinyumenyume, kofia kichwani, simu mkono mmoja, mkono mwingine unaongoza gari kama askari wa usalama barabarani. Nilijisikia vizuri, jamani. Nilitamani Zulfa angekuwepo anione.

Njia ile inapanda, tena inalalia upande wa kushoto, na huko kushoto kwenyewe ni shamba la viazi la baba mkwe, matuta laini yamepaliliwa juzi. Hilo nililiona. Nikamwonyesha Dula aende taratibu na aje kulia. Kilikuwa kinakwenda vizuri kabisa mpaka wakwe walipotoka. Walitoka na ngoma yao, wamejipanga ukingoni, upande ule ule wa kushoto, na mbele yao Mwajuma na kanga mbili na mkono kiunoni, akatupa wimbo:

"Karibuni mliochelewa, tulidhani mmepotea!"

Bi Mwanahawa hawezi kuachia neno kama hilo lipite. Akainuka kwenye godoro, akashika friji, akasogea mpaka ukingoni kabisa kushoto ili amjibu Mwajuma uso kwa uso:

"Mwenye vyake hakimbii, mkimbiaji ni mkopaji!"

Na waitikiaji wakamfuata. Ndivyo ilivyo, mwitikiaji anakwenda alipo mwimbishaji, ananyosha mkono anaponyosha, anayumba anapoyumba. Kwenye gemu ukiweka mzigo unakaa pale ulipouweka mpaka kiama, haujui wimbo, haujui kijembe, hauna wifi wa kumjibu. Mimi nilipima uzito wa watu, sikupima kwamba wale watu wana ugomvi. Nikaona gurudumu la kulia limekuwa jepesi. Nikaona limeanza kubusu ardhi na kuiacha.

"Somo, rudi kati!" Ngoma mbili zinapigwa, nani anasikia? Dula akasimamisha gari, ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa wakatulia vizuri kucheza. Akili ikanitoka. Nikaanza kupiga kelele kama ninavyopiga kibandani gari la kwenye gemu likitaka kuanguka, kwa sauti yote Mwenyezi Mungu aliyonijalia:

"Mzito yuko juu! Mzito yuko juu! Mshusheni!"

Wallahi ndivyo nilivyosema. Lakini kati ya ngoma na vigelegele, Mwajuma akasikia lake. Nilimwona uso unambadilika. Akainua mikono akanyamazisha ngoma na kupaza sauti: "Jamani kuna mjamzito juu! Mjamzito yuko juu! Mshusheni!"

Na hapo ubishi wote ukafa. Wanawake wa Kisarawe wakatupa vijembe vyao chini wakakimbilia gari wamenyosha mikono wampokee mjamzito, na wetu walioko juu walipoona mikono imenyoshwa namna ile wakadhani wamepokelewa, wamekubalika, mambo yameisha, wakainama wote kwa pamoja upande huo huo kuishika.

Kirikuu kikafikiri kidogo. Kisha kikalala. Hakikudondoka kwa kishindo, kililala taratibu kama mtu anayejinyosha baada ya chakula, wa chini wakapata muda wa kuruka nyuma, godoro likateleza kwanza na kina mama wakateleza juu yake, wakaenda wakatua kwenye matuta ya viazi mmoja baada ya mwingine, na ndoo zikafuata, na masufuria yakawa yanateremka kila moja na njia yake.

Na mimi? Nawaambieni kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Kidole changu gumba kilikuwa kinabonyeza simu. Kile kitufe cha kuanza upya. Nabonyeza, nabonyeza, na kwenye kioo kirikuu changu kinarudi kinasimama wima, kizuri, na shehena yake, na mbele ya macho yangu kirikuu cha Dula kimelala ubavu gurudumu linazunguka. Kuna vijana waliniona wakawa wanauliza jamaa anampigia nani.

Hakuumia mtu, alhamdulillahi, michubuko na kanga kuchanika. Lakini aibu ilikuwa bado haijaanza. Kwa sababu sasa wote wanamtafuta mjamzito. Wanageuza watu mmoja mmoja pale kwenye matuta, "Ni wewe? Ni wewe?" na Bi Mwanahawa, mwenye wajukuu watu wazima, alikuwa amelazwa chali anapapaswa tumbo na mama mmoja mkunga anayemwambia apumue polepole. Akatoka mama mkwe, mama wa makamo, mkimya, akaja mpaka pale.

"Mjamzito ni nani?" akauliza.

Kila mmoja akamtazama mwenzake tumboni.

"Aliyesema ni nani?"

Wakaninyoshea vidole mimi. Na mtu mmoja nyuma, sijamjua mpaka leo, akasema kwa sauti ndogo, "Si huyo ni kaka wa bibi harusi?"

Jamani. Nililiona lile wazo linatembea. Linatoka kichwa kimoja linaingia kingine, kina mama wanatazamana, mmoja anafunga kanga upya, Mwajuma ananitazama mimi kisha anamtazama mama yake, na nilijua wakiingia ndani na wazo lile bila kuondolewa, Zulfa ameshafika Kisarawe na tumbo ambalo hana, na kesho ndoa. Mdogo wangu yule, aliyeniambia nakuachia wewe. Nikaona njia ya kulitoa ni moja tu, nayo inapita juu ya heshima ya Bi Mwanahawa.

Nikavua kofia. Nikasema, "Shikamooni. Hakuna mjamzito hapa. Wala nyumbani hakuna. Mimi sikusema mjamzito, nilisema mzito. Nilikuwa naogopa gari litaanguka kwa sababu... kwa sababu Somo alikuwa amekaa upande mmoja. Nilikuwa namsema Somo."

Nani ameshawahi kusimama mbele ya ukoo wa watu na kumtangaza somo wa mdogo wake kwamba ni mzito? Ni mimi. Nikaona mama yangu, aliyekuwa ametoka kwenye Noah, anajifunika uso na mtandio.

Bi Mwanahawa akamwondoa yule mkunga tumboni kwake. Akakaa kitako juu ya tuta, majani ya viazi kichwani, akachomoa jani moja, akanitazama.

"Kumbe mzito ni mimi?"

"Nisamehe, Somo."

"Usiniombe radhi, sema wasikie." Kisha akawageukia wakwe. "Ndiyo. Mzito ni mimi. Na uzito huu sikuazima, nimeupatia Janga, kwa mpunga wetu na kambale wa Ruvu, na mwanangu Zulfa katoka huko huko, kwa hiyo msije mkadhani anakuja hapa kutafuta chakula. Haya, ninyanyueni, tuone kama Kisarawe mna nguvu."

Akamnyoshea mkono Mwajuma. Mwajuma akaushika, akavuta, Bi Mwanahawa hakusogea, akavuta tena kwa nguvu zake zote, na mguu ukamteleza kwenye tuta, akaenda chini ubavuni mwa Bi Mwanahawa, kanga mbili zote zikajaa udongo. Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Mwajuma. Alicheka kile kicheko cha kukosa pumzi, akawa anampigapiga Bi Mwanahawa begani anamwambia, "Mama wewe, mama wewe, umenimaliza," na mwenzake naye anatikisika tuta zima, na ikawa kama umefungulia bomba, hata mama mkwe aligeuka pembeni mabega yanaruka.

Basi bwana, vyombo havikuingia kwa gari. Wanaume walikisimamisha kirikuu (Dula aliwasaidia huku hataki kunitazama), na kina mama wa pande zote mbili wakaokota kimoja kimoja, wakajitwika, wakaenda navyo nyumbani kwa msururu, wa Janga na wa Kisarawe wamechanganyikana, na Mwajuma mwenyewe ndiye aliyebeba kinu. Njiani walishatunga wimbo. Sitauimba hapa, una jina langu ndani.

Zulfa alipiga simu kabla sijajipanga, video ilishafika Janga.

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Kabati?"

"Kioo cha mlango mmoja kimevunjika. Zulfa, mimi..."

"Somo yuko wapi?"

"Yuko ndani kwa mama mkwe wako. Wifi yako anamkanda mgongo na maji ya moto. Wanacheka, nawasikia hapa."

"Wanacheka wote wawili?"

"Wote wawili."

Nikamsikia anapumua kama mtu aliyetua ndoo, akasema, "Kioo kitawekwa kingine," akakata kabla hajalia. Mimi ndiye niliyelia, nyuma ya Noah, nikasingizia vumbi.

Siku hizi gemu nalicheza peke yangu. Kompyuta ipo, mkeka upo, gari likianguka mama bado anauliza la nani, utafikiri tuko wengi. Mwezi uliopita nilikwenda Kisarawe kumsalimia Zulfa, nikakaa kwanza barazani, Mwajuma akaniletea maji, akanichungulia usoni kwa adabu zote akasema, "Shemeji Mzito, umekuja na gari au kwa miguu?" Na kabla sijajibu nikasikia kutoka jikoni mdogo wangu anacheka, kwa sauti, bila kujibana, kama alivyokuwa anacheka kwetu taa zikizimika. Mtu hacheki hivyo kwenye nyumba ya watu. Nikajua pale ni kwake sasa, na mimi ndiye mgeni.

Kwa kicheko kile niko radhi waniite Mzito mpaka niote mvi. Ila kupakia gari, jamani, naapa, hata mkinipa kapu moja la nyanya nilifunge nyuma ya baiskeli, nitawaambia mimi kazi yangu ni kuweka nyimbo kwenye flashi.